Urefu wa Nyuzi: Kwa Nini Mkonge wa Tanga Haukufika Kwenye Kidonge

Kidonge cha shinikizo la damu chenye miligramu 5 za amlodipini, kama kingetengenezwa kwa dawa tupu, kingekuwa chembe isiyokamatika kwa vidole. Kinachokipa umbo, kinachokifanya kishikane kikiwa kwenye pakiti na kiachane kikifika tumboni, ni unga mweupe usio na ladha wala harufu, na sehemu kubwa ya unga huo ni selulosi, kitu kilekile kinachojenga kuta za seli za kila mmea. Kwa kawaida hutolewa kwenye miti iliyochemshwa kwa kemikali hadi ikabaki selulosi karibu tupu. Viwanda vya dawa vya Afrika Mashariki huununua unga huo nje, kama vinavyonunua karibu malighafi zake zote. Lakini katikati ya karne ya 20 hapakuwa na nchi duniani iliyovuna mkonge mwingi kuliko Tanganyika, na theluthi mbili hivi ya uzito wa nyuzi za mkonge ni selulosi. Wanaoulizwa kwa nini zao lile halikuwahi kuwa malighafi ya dawa hujibu haraka kwamba hatukuwa na mtaji wala utaalamu. Jibu hilo lina ukweli, ila haligusi kiini. Hoja yangu ni kwamba mkonge ulifungiwa njia na kipimo chake wenyewe. Tangu siku ya kwanza thamani yake ilikuwa urefu na uimara wa uzi, ilhali dawa ilihitaji selulosi iliyokatwakatwa hadi isiwe na urefu wowote. Biashara nzima, kuanzia shamba hadi soko la London, ilijengwa kulinda kitu ambacho mtengeneza vidonge angeanza kwa kukiharibu.

Mkonge si mmea wa asili wa pwani yetu. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, kwa kuwa Meksiko haikutaka mbegu ya utajiri wake itoke nje. Vilisafirishwa kupitia Hamburg, na vilipofika vilivyokuwa bado hai vilikuwa 62 tu. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kufikia mwaka 1913 koloni lilikuwa likisafirisha zaidi ya tani 20,000 za nyuzi kwa mwaka. Wateja walikuwa wawili wakubwa: wenye meli, waliohitaji kamba, na wakulima wa ngano wa Ulaya na Marekani, ambao mashine zao za kuvuna zilifunga matita kwa uzi wa katani. Wote wawili walinunua uimara. Uzi ukikatika katikati ya mavuno, mashine inasimama na mvua haingoji.

Mahitaji hayo ndiyo yaliyoamua kila kitu kilichofanyika Tanga, Korogwe, Muheza na Kilosa. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, walikata majani, wakaondoa miiba ya ncha, wakafunga matita ya majani 30, na matita yakapakiwa kwenye matoroli ya reli ndogo hadi korona, mtambo wa kukwangua majani. Humo jani lilibanwa likapita kwenye magurudumu yenye bapa butu, yanayoponda na kukwangua nyama yote huku maji yakimiminwa bila kukoma. Kilichotoka upande wa pili kilikuwa takriban asilimia 4 ya uzito wa jani bichi. Kilichobaki, yaani maji, nyama na maganda, kiliondoka na mfereji. Nyuzi zilioshwa, zikaanikwa juani kwenye waya, zikapigwa brashi, zikapangwa madaraja na kushindiliwa marobota ya kilo 250. Daraja la kwanza lilidai uzi wa futi 3 au zaidi, wenye rangi nyeupe inayoelekea manjano hafifu, usio na madoa. Nyuzi fupi, zilizong'oka kwenye brashi au kuokolewa kwenye mfereji, ziliwekwa mkiani mwa orodha ya bei, na mara nyingi ziliishia kujaza magodoro na viti. Ni muhimu kuona kilichopangwa hapo. Jedwali la madaraja halikuuliza uzi umetengenezwa na nini. Liliuliza una urefu gani, una rangi gani na umekauka kiasi gani. Mkemia angeona nyuzi ndefu na nyuzi fupi kuwa kitu kimoja, lakini mkemia hakuwa miongoni mwa walioandika jedwali lile.

Wakemia walikuwa mahali pengine, na safari yao ilianza mapema kuliko mkonge wa Kikogwe. Mwaka 1838 Mfaransa Anselme Payen alichemsha mbao na mimea mingine kwa asidi ya naitriki na kwa alkali, akaona kwamba kila mmea, ukishavuliwa vinavyoyeyuka, unabakiza kitu kilekile cheupe. Mwaka 1892 Waingereza Cross, Bevan na Beadle walipata hati miliki ya viskosi, njia ya kuyeyusha selulosi ya mbao na kuivuta upya kuwa uzi. Kampuni ya Courtaulds ilinunua haki hizo, na mwaka 1910 ikaanzisha kampuni yake tanzu ya Marekani huko Marcus Hook, Pennsylvania, ambayo baadaye ilijulikana kama American Viscose. Wakati wa vita, mwaka 1941, Waingereza walilazimika kuiuza. Ndani ya kampuni hiyo, iliyoishi kwa kuuza rayoni ya nguo na nyuzi za kuimarishia matairi, ndipo ulipozaliwa unga wa vidonge. Naona jambo hili lina uzito: hakuna daktari wala mfamasia aliyeutafuta. Mwaka 1955 Orlando Battista, mkemia mzaliwa wa Kanada, alikuwa akichunguza namna asidi inavyokata minyororo ya selulosi, katika jitihada za kupata nyuzi imara zaidi za matairi. Selulosi iliyokwisha kukatwa na asidi aliisaga pamoja na maji kwenye blenda, akitarajia chembe zizame chini. Hazikuzama. Alipata uji mweupe mzito, laini, uliokataa kutengana na maji yake.

Kilichotokea ndani ya blenda ile kinaeleza mengi. Selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi. Minyororo ikilala pamoja, sehemu nyingine hupangika kwa nidhamu na kubanana kuwa fuwele, na sehemu nyingine hukaa ovyo, zimelegea. Asidi ya haidrokloriki ya moto huingia kirahisi kwenye zile zilizolegea na kuzikata, lakini kwenye fuwele hupenya kwa shida. Mnyororo uliokuwa na glukosi maelfu hushuka kwa kasi hadi kufikia kati ya 200 na 300, kisha huganda hapo hata ukiendelea kuuchemsha. Kinachobaki ni fuwele ndogondogo zilizo safi, ambazo huoshwa, huondolewa asidi, kisha hunyunyizwa kwenye hewa ya moto zikauke kuwa unga. Battista na mwenzake Peter Smith walipewa hati miliki ya Marekani mwaka 1961. Mwaka 1963 kampuni ya FMC iliinunua American Viscose, na mwaka 1964 ikaingiza sokoni daraja la unga huo lililoandaliwa kwa ajili ya vidonge, kwa jina la Avicel PH.

Wafamasia waliupokea kwa sababu uliwaondolea kazi nzito. Kidonge cha kugandamizwa kilikuwepo tangu Mwingereza William Brockedon alipopata hati miliki ya kubana unga kwenye kalibu mwaka 1843, lakini unga mwingi wa dawa haukubali kubanwa moja kwa moja. Hupasuka juu kama kofia au humong'onyoka mkononi. Kwa hiyo dawa ilichanganywa na laktosi, ikakandwa kwa uji wa wanga, ikapitishwa kwenye chekeche, ikakaushwa kwa saa kadhaa, ikachekechwa tena, ndipo ikafika kwenye mashine. Maji na joto hilo vilidhuru dawa zisizovumilia unyevu, na aspirini ni mojawapo, maana huvunjika ikipata maji. Fuwele za selulosi, zikipigwa na mashine, hubonyea bila kurudi zilivyokuwa, na nyuso zake hushikana. Zikikutana na maji tumboni, huyanyonya ndani ya kidonge hadi kikaachana. Kwa dawa nyingi ikawezekana kuchanganya unga mkavu na kubana, basi. Leo famakopia, vitabu rasmi vya viwango vya dawa, huutambua unga huu kwa masharti makali: mnyororo usizidi wastani wa glukosi 350, unyevu usizidi asilimia 7, na majivu yanayobaki ukiuchoma yasizidi sehemu 1 katika 1,000. Hakuna sharti linalotaja ni mmea gani, wala futi 3.

Sasa tuiweke miaka hiyo pamoja. Mwaka 1964, unga wa Battista ulipoingia kwenye vidonge, ndio mwaka ambao uzalishaji wa mkonge wa Tanganyika ulifikia kilele chake, takriban tani 230,000. Mwenye shamba wa Korogwe aliyekuwa na nyuzi ndefu nyeupe, na bei nzuri mkononi, hakuwa na sababu yoyote ya kununua asidi ili azifupishe. Miaka michache baadaye kamba za polipropilini zilimpokonya soko, na hapo ndipo urefu alioulinda ulipopoteza thamani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilizalisha chini ya tani 30,000. Plastiki iliua mahitaji ya uzi. Selulosi yenyewe haikupoteza lolote, na dunia ilizidi kuihitaji mwaka hadi mwaka. Ila katika vitabu vya mashamba yetu selulosi haikuwahi kuwa na safu yake.

Mtu anaweza kupinga kwamba ninawadai watu wa zamani jambo lisilofikirika: mashamba ya mkonge na viwanda vya dawa vilikuwa dunia mbili zisizojuana. Historia inakataa. Mwaka 1949 madaktari wa Mayo Clinic walitangaza kwamba kotisoni inatuliza baridi yabisi kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana, na mara moja kukawa na msako wa mimea ya kuitengenezea. Wamarekani waliegemea viazi vya mwituni vya Meksiko. Uingereza, iliyoishiwa dola, ilitafuta ndani ya himaya yake. Mwaka 1951 watafiti Callow, Cornforth na Spensley walichapisha taarifa kwamba taka za mkonge wa Afrika Mashariki zina hekojenini, steroidi ambayo ina oksijeni kwenye kaboni ya 12, jirani kabisa na kaboni ya 11 ambako kotisoni inaihitaji. Glaxo iliichukua hekojenini hiyo na kuijengea njia ya kutengenezea dawa zake za steroidi. Maji ya korona, yaleyale yaliyotiririka bila thamani, yaliachwa yachachuke, tope lake likakusanywa, likachakatwa na kusafirishwa Uingereza. Wakati mzee wa kijijini Uingereza alipokuwa akipewa kotisoni ya magoti, huenda chanzo chake kilikuwa jani lililokatwa na manamba wa Tanga.

Kisa hiki kinaithibitisha hoja yangu kuliko kinavyoipinga. Wakemia waliweza kulitazama jani la mkonge kwa macho mapya, lakini ile sehemu tu ambayo mfanyabiashara wa kamba alikuwa ameitupa. Kwenye taka hapakuwa na daraja, hapakuwa na dalali, hapakuwa na mkataba wa kuvunja, kwa hiyo palikuwa na nafasi ya kufikiri. Nyuzi zilikuwa tayari na mwenyewe. Hata hivyo zilikuwepo nyuzi fupi za mfereji, ambazo thamani yake ilikuwa ndogo na ambazo asidi isingezipunguzia chochote, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kukatika. Huko ndiko mlango ulikokuwa, na hakuna aliyeubisha, kwa sababu zilihesabiwa kuwa kamba iliyoshindikana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba si kipimo cha urefu kilichozuia, bali ukoloni, ambao haukutaka kiwanda chochote kwetu. Ushahidi upo. Miaka ya 1930 kiwanda cha Tanganyika Cordage kilianza kusokota uzi huko Tanga na kuuza hadi Uingereza. Wasokota kamba wa Uingereza walilalamika kwa serikali yao, Wizara ya Makoloni ikakishinikiza, na kiwanda kikafungwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ikiwa hata kamba, bidhaa ya hatua ya kwanza kabisa, haikuruhusiwa kusokotwa kando ya shamba, nani angeruhusu kiwanda cha kemikali? Ninalikubali pingamizi hili kwa miaka ya kabla ya 1961, na sitaki kulipunguza uzito. Watu waliojenga utajiri ule kwa migongo yao walinyimwa kwa makusudi hatua iliyofuata. Lakini haliwezi kueleza yaliyokuja baada ya uhuru. Mwaka 1967, kufuatia Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa. Serikali ilijenga viwanda vya kusokota, ikisahihisha dhuluma ya Tanganyika Cordage, na ilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Ila iliisahihisha ndani ya wazo lilelile la kamba, wakati kamba yenyewe ilikuwa ikifa. Viwanda vya dawa vya umma vilijengwa pia, Keko jijini Dar es Salaam na kingine Arusha. Mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilianza kupika mbao za misonobari kwa kemikali. Nchi moja ilikuwa na nyuzi, na mtambo wa kupikia rojo, na mashine za vidonge, kila kimoja chini ya shirika lake, na hakuna dawati ambako vitatu hivyo vilikutana.

Kwamba bara hili liliweza, linaonekana ukitazama kusini. Huko Umkomaas, kusini mwa Durban, kiwanda cha Saiccor kilianza mwaka 1955, mwaka uleule wa blenda ya Battista, kupika mikaratusi hadi ikawa rojo safi la selulosi. Walioanzisha walikuwa shirika la maendeleo ya viwanda la serikali ya Afrika Kusini, Snia Viscosa ya Italia, na Courtaulds, mmiliki wa zamani wa Marcus Hook. Mkaratusi ni mgeni Afrika kama mkonge ulivyo mgeni. Tofauti ni kwamba mteja wa kwanza wa Umkomaas alikuwa mtu wa viskosi, aliyenunua selulosi kwa usafi wake na asiyejali urefu, na kiwanda kikawekwa kando ya mto kwa sababu usafi hudai maji mengi. Gharama ilikuwa kubwa pia: taka zilipelekwa baharini kwa bomba, na malalamiko kuhusu rangi ya maji yalidumu miaka mingi. Sitaji hilo ili kupamba kiwanda kile. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kilichohitajika hasa: mnunuzi wa usafi, mto, na serikali iliyokubali kuwaunganisha.

Litabaki pingamizi la bei, na ndilo ambalo watu wa viwanda hulitaja kwanza. Mbao ni rahisi kuliko nyuzi za mkonge. Kostiki soda, dawa za kung'arisha na asidi vyote vingeagizwa nje. Soko la vidonge la Afrika Mashariki ni dogo. Kwa nyuzi za daraja la kwanza hesabu hiyo haina jibu, na anayependekeza kuzitumbukiza kwenye asidi hajui bei ya robota. Kwa nyuzi fupi hesabu ni nyingine. Mkonge una lignini kidogo (ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mmea), kama sehemu 1 katika 10, ilhali misonobari huwa na zaidi ya robo, kwa hiyo unadai alkali kidogo na mpiko mfupi zaidi. Ndiyo maana rojo la mkonge hutumiwa tayari kwenye karatasi maalumu. Mwaka 2007 watafiti wa India, Bhimte na Tayade, walichapisha jaribio la kutengeneza unga wa fuwele za selulosi kutokana na nyuzi za mkonge na kuulinganisha na Avicel PH-101 kama kiambata cha vidonge. Mwaka uliofuata, huko Hale, mtambo wa kilowati 150 ulizinduliwa kutengeneza umeme kwa gesi ya taka za korona. Taka zilipata mtu wa kuzitazama tena, kama zilivyompata Spensley mwaka 1951. Nyuzi fupi bado hazijampata. Atakayezitazama itambidi aanze na kazi isiyovutia: kupima majivu, maana mfereji wa korona hubeba mchanga, na sehemu 1 katika 1,000 ni kikomo kisichosamehe, kisha kuandika matokeo ya kila mpiko, mwezi baada ya mwezi, hadi mkaguzi wa kiwanda cha vidonge aweze kufungua faili na kuona kwamba unga wa Januari na wa Agosti ni unga mmoja.